Ndege ya Modeli ya Kujifunzia Sarakasi: Bawa Kwanza, Kisha Wati

Ndege ya mwanafunzi, ile yenye bawa juu ya mwili na ncha zilizoinuka, imeundwa ijirudishe sawa yenyewe ukiachia vijiti vya rimoti. Sifa hiyohiyo ndiyo inayokwamisha sarakasi: ukiipindua tumbo juu, inashindana nawe mpaka igeuke. Kuifunga mota kubwa hakusaidii. Ukishaweza kuruka, kuzunguka uwanja pande zote mbili na kutua bila msaada, badilisha ndege yenyewe.

Tafuta bawa lililo katikati au chini ya mwili, lisiloinuka nchani au lililoinuka kidogo sana, ambalo ukilitazama ubavuni mbinuko wa juu ni sawa na wa chini. Bawa hilo huibeba ndege vilevile, iwe imekaa sawa au imepinduka. Upana wa mita 1.1 hadi 1.4 toka ncha hadi ncha unatosha. Chini ya hapo upepo huitupatupa na macho huipoteza upesi. Povu la EPO huungika kwa gundi palepale uwanjani. Balsa, mti mwepesi sana, hupaa vizuri zaidi, lakini ikianguka una kazi ya siku kadhaa, kwa hiyo anza na povu.

Epuka modeli za ndege za kivita: bawa lililochongoka nchani likipungukiwa mwendo huangusha upande mmoja ghafla, mara nyingi wakati wa kutua. Zile za kuning'inia kwa propela nazo zisubiri. Zinakuzoesha kutegemea nguvu badala ya mwendo.

Sasa mizani. Pima ndege ikiwa tayari kuruka, betri ikiwa ndani, maana hesabu zote zinaanzia hapo. Ndege ya mwanafunzi huridhika na wati 150 hadi 200 kwa kilo. Sarakasi za kawaida zinataka 250 hadi 330, na za kuning'inia huvuka 400. Tuchukue 300: ndege ya kilo 1.2 inahitaji wati 360. Betri ya LiPo (ya lithiamu) ya seli 3 huandikwa volti 11.1, na ikibanwa hushuka kidogo, basi gawanya kwa 11 upate kama ampea 33.

Ampea hizo ndizo zinazochagua vifaa vingine. Kidhibiti mwendo, kifaa kinachopimia mota umeme kutoka kwenye betri, kiwe cha ampea 45. Mota iwe inayohimili ampea 40, yenye Kv 900 hadi 1000, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti isipobeba mzigo. Propela ya 11×5.5, yaani inchi 11 toka ncha hadi ncha na msokoto wa inchi 5.5, ni mahali pazuri pa kuanzia. Betri ya 2200 mAh (ujazo wa ampea-saa 2.2) yenye 30C, yaani inayoweza kutoa mara 30 ya ujazo wake, inatoa, kwa mujibu wa lebo, ampea 66. Ziada hiyo inahitajika kwa sababu lebo nyingi zinatia chumvi. Ukishawishika kuweka ya 3000 mAh kwa ajili ya dakika mbili za ziada, unaongeza gramu 60 au zaidi, na utazilipia kwenye kila kitanzi na kila utuaji.

Kabla ya kurusha, unganisha kipima wati kati ya betri na kidhibiti. Jaza betri hadi volti 4.2 kwa seli, funga ndege imara, simama nyuma ya propela, fungua nguvu zote kwa sekunde 5 na usome. Ikizidi ampea 40, punguza propela. Inchi moja si mchezo: kutoka 11 hadi 12, kwa kasi ileile ya kuzunguka, mzigo hupanda takriban asilimia 40. Vidhibiti vingi huungua hivyo.

Kuna hitilafu moja inayosingiziwa rimoti. Servo, mota ndogo zinazosogeza sehemu za usukani, zikivuta zote nne kwa pamoja, umeme wa risiva (kipokezi cha amri za rimoti) hushuka, risiva hujizima na kuwaka upya, na ndege "inakataa amri" katikati ya bilinge. Hakikisha umeme wa servo ni wa volti 5 na angalau ampea 3.

Kitovu cha uzito kikae asilimia 25 hadi 30 ya kina cha bawa (toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma) kutoka ukingo wa mbele, anzia 25. Ukiwa juu vya kutosha, panda kwa nyuzi 45, pindua tumbo juu, achia elevata (usukani wa mkiani wa kuinua na kushusha pua). Ikijikunja upesi kuelekea ardhini, pua ni nzito: rudisha betri nyuma milimita 5. Ikizidi kuinuka, mkia ni mzito, sogeza betri mbele kabla ya kuruka tena. Kwenye rimoti weka expo (mpangilio unaolainisha mwitikio vijiti vikiwa karibu na katikati) asilimia 30, na eleroni, vibao vya bawani vya kubingirisha ndege, zisipinde zaidi ya nyuzi 15.

Weka kengele ya dakika 5 kwa mara ya kwanza, tua, kisha pima seli zikiwa zimetulia. Volti 3.75 kila moja ni sawa. Chini ya 3.7, punguza muda. Halafu gusa mota: ikiwa kidole hakivumilii sekunde 5, rudi kwenye propela ndogo zaidi au fungua njia ya hewa puani. Betri isiyotumika kesho irudishwe kwenye volti 3.8 kwa seli, na iliyovimba isichajiwe tena.