Skrini ya jenereta ya mawimbi inakwambia nini

Jenereta ya mawimbi ni kile kifaa cha maabara kinachotoa mawimbi ya umeme ya kujaribia saketi. Kabla hujagusa kitu angalia taa ya kitufe cha Output, kama haijawaka hakuna kinachotoka hata kama skrini imeandika 1 kHz na 5 Vpp (volti kutoka kilele cha chini hadi cha juu cha wimbi) vizuri kabisa, maana skrini inaonyesha ulichoseti, haipimi kilichopo kwenye waya.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaumia. Tafuta pale juu au pembeni palipoandikwa 50 Ω (omu 50) au High Z (yaani mzigo wenye ukinzani mkubwa). Jenereta nyingi zina ukinzani wa omu 50 kwa ndani na zikiwashwa zinadhani na wewe umefunga mzigo wa omu 50, wakati oskiloskopu yako (kile kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi) ina megaomu 1, kwa hiyo unaseti 1 Vpp unaona 2 Vpp. Mimi nilishabadilisha waya tatu nikijua mashine imekufa, kumbe ni mpangilio tu! Weka High Z, namba zinalingana.

Alafu soma yuniti, usisome namba peke yake. Kwa wimbi la sine 1 Vpp ni kama 0.354 Vrms (volti faafu, zenye nguvu sawa na umeme wa DC wa volti hizo), na 0 dBm (dBm ni nguvu ikilinganishwa na miliwati 1) ni miliwati 1, yaani karibu 0.224 Vrms kwenye omu 50.

Kwenye jenereta za RF (masafa ya redio), ukiona UNLEVEL ujue imeshindwa kushikilia nguvu uliyoomba, punguza kwanza. EXT REF inamaanisha inafuata saa ya nje (mawimbi ya rejea kutoka kifaa kingine), mara nyingi 10 MHz. OVEN COLD (kijioveni kinachopasha kristali ya ndani bado ni baridi)? Isubiri ipate moto, frikwensi bado haijatulia, usirekodi chochote.