Mgomba Unaoumwa: Wa Kung'oa na wa Kuokoa

Nusu ya shamba langu niliiua kwa panga langu mwenyewe. Mgomba mmoja ulianza kunyauka, nikaukata, halafu kwa panga lilelile nikaendelea kupogoa majani ya mingine. Kila nilikopita, miezi michache baadaye, kulinyauka. Kwa hiyo anza na panga. Weka ndoo yenye dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vitano vya maji, ulichovye kila unapohama shina. Au lipitishe motoni. Utachoka, ndiyo.

Kisha ujue mgomba unaumwa nini. Kata ule unaoutilia shaka, usubiri robo saa. Ukichuruzika uteute wa manjano kama usaha, ni mnyauko wa bakteria; ndizi zake huiva kabla ya wakati, na ukizipasua utaona madoa ya kahawia ndani. Majani ya chini yakianza kuwa ya manjano pembezoni, yakavunjika na kuning'inia kama sketi, na shina ndani lina michirizi ya kahawia huku ndizi zikiwa safi, ni ugonjwa wa Panama. Majani yakisongamana kileleni, membamba, yamesimama wima, hao ni virusi wanaoenezwa na vidukari. Na mgomba unaoanguka kwa upepo kidogo, chimbua tunguu lake, lile kama kiazi chini ya ardhi: likiwa na mashimo ni fukusi, mdudu anayelitoboa; mizizi ikiwa myeusi imeoza ni minyoo ya mizizini.

Wa virusi hauokoki. Ua vidukari kwanza wasihamie kwa jirani, ndipo ung'oe shina zima, yaani mgomba mama na watoto wake wote, hata wanaoonekana wazima. Panama nayo, kuvu wake hukaa udongoni miongo na miongo. Pazungushie uzio, usirudishe aina ileile hapo.

Bakteria ndio walionibadilisha mawazo. Zamani niling'oa shina lote kwa hasira. Sasa nakata ule mgomba mmoja tu unaonyauka, usawa wa ardhi, siku ileile ninapouona, maana bakteria hawafiki kwa watoto wote. Vipande naviacha vikauke palepale, sivikokoti shambani. Kila wiki napita tena, kwa miezi. Ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, nalivunja kwa kijiti chenye panda mara tana la mwisho linapotokeza, kwa kuwa wadudu huingiza ugonjwa kupitia hapo. Lakini machipukizi ya kupanda sichukui kamwe kwenye shina lililowahi kuugua bakteria.

Fukusi na minyoo ndio wanaotibika. Chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Kata mizizi yote, menya tunguu mpaka libaki jeupe. Ukiona shimo linaingia ndani sana, tupa. Maganda yapeleke mbali na shamba. Kisha loweka matunguu kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20. Huna kipimajoto? Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, utoe. Hesabu kwa sauti! Mimi niliwahi kuitikia mtu langoni, nikarudi nikakuta nimepika machipukizi yangu. Na usidanganyike: maji ya moto hayaondoi bakteria wala virusi.

Usirudishe mche kwenye shimo la zamani, fukusi wanausubiri kwenye visiki. Panda mahali pengine, na pale pa zamani lima maharage kwanza. Palipokuwa na bakteria, subiri miezi 6 bila mgomba wowote. Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, mita 3 kutoka shimo hadi shimo. Udongo wa juu uchanganye na samadi iliyooza, uurudishe ukiwa wa kwanza. Matandazo yasiguse shina, fukusi hupenda unyevu na giza.

Kuwanasa, pasua kigogo cha mgomba uliovunwa, ukilaze upande uliopasuliwa ukiangalia chini karibu na shina. Baada ya siku mbili au tatu, kigeuze asubuhi uwaokote mmoja mmoja uwaue.

Mche ukishika, bakiza mama, mtoto na mjukuu tu. Wengine waondoe mapema, na panga likiwa limetoka kwenye ndoo.