Kabla Hujapandisha Gari Mlimani, Fikiria Kushuka

Wengi wakipanga safari ya milimani huulizana: gari litapanda? Likishindwa kupanda, utasimama kando, boneti wazi, rejeta ikifuka mvuke, na aibu kidogo. Basi. Uliza kama litashuka. Mimi swali hilo nilijiuliza nikiwa tayari mteremkoni, na watu watano ndani ya gari, wawili wao watoto.

Tuanze na mepesi tuyamalize.

Tairi zipimwe upepo asubuhi, zikiwa baridi. La akiba nalo lipimwe, maana ndilo husahaulika. Jeki iwepo, na spana uijaribu kwenye nati za gari hilohilo, hasa kama gari ni la kuazima. Taa ziwake zote, waipa zipanguse kweli. Mafuta jaza unapoyakuta, usingoje mshale ushuke. Mji mdogo unaweza kuwa na pampu moja, na siku hiyo umeme ukawa umekatika. Beba fedha taslimu kwa sababu hiyohiyo. Ramani ipakue kwenye simu kabla ya kuondoka, na ule muda inaokutajia usiuamini sana. Yenyewe huenda haijui kwamba mbele yako kuna lori la magogo.

Nguo za baridi zikae karibu, zisiwe chini ya mizigo yote. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Bondeni mmeondoka na nyuzi 28, mkipanda mita 2,500 mnakuta kama 13, na upepo juu yake. Injini nayo huishiwa pumzi huko. Isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo lile lori ambalo bondeni ungelipita mara moja, huko juu litakuchukua muda mrefu upande usio wako. Usijaribu.

Ulizia pia kama njia iko wazi na kama gari lako linaruhusiwa. Barabara ya mlimani ya Stelvio kule Italia, inayofika kimo cha mita 2,757, hufungwa majira ya baridi kwa sababu ya theluji. Njia ya mlimani ya Sani, kati ya Afrika Kusini na Lesotho, hupandwa kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, na kuna mpaka wenye saa za kufunga. Ukifika umechelewa, kona zote zile unazirudia.

Sasa breki.

Gari letu lilikuwa limetoka gereji siku moja kabla. Oili mpya, pedi za breki mpya, risiti ninayo. Tukapanda vizuri, tukapiga picha, tukala juu. Kushuka nikaiacha gia ya otomatiki kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida, na mguu juu ya breki, nagusa, naachia kidogo, nagusa tena, kilomita baada ya kilomita. Shemeji akauliza kutoka nyuma, "Hii harufu ni ya nini?" Nikamjibu kwa uhakika kabisa kwamba kuna watu wanachoma mashamba. Hata vioo nikawaambia wapandishe.

Kona mbili mbele, nikakanyaga pedali ikazama laini, kama nakanyaga godoro. Nikapampu, ikapanda kidogo, ikazama tena. Nikaivuta gia hadi L, ile nzito ya mwendo wa polepole, injini ikapiga kelele, gari likaanza kujizuia. Breki ya mkono nikaivuta taratibu, kidole kikiwa kwenye kitufe ili isijifunge ghafla. Kilichotuokoa ni kijia cha machimbo ya kokoto upande wa kushoto, kilichopanda. Gari likapanda nacho, likaishiwa nguvu, likasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuka moshi.

Nikachukua dumu la maji. Dereva mmoja wa lori, mzee, aliyekuwa akisubiri mzigo pale, akanizuia mkono. Diski ya moto ukiimwagia maji inaweza kupinda au kupasuka. Akaweka mawe nyuma ya tairi, akaniuliza nimeshuka na gia gani. Nikamwambia. Akanitazama, akamtazama shemeji, akasema, "Breki ni ya kusimamia, kijana. Ya kushukia ni gia."

Baada ya saa nzima pedali ilirudi ngumu kama haijafanya lolote. Hapo ndipo mtu hudanganyika, akaona tatizo limekwisha. Tulitambaa kwa gia ya kwanza hadi mji uliofuata. Fundi akafungua kichupa cha mafuta ya breki: meusi kama kahawa. Pedi zilikuwa mpya kweli, lakini mafuta yale hakuna aliyeyagusa, wala mimi sikuuliza.

Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyowahi kuchemka. Ya aina iitwayo DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155 hivi. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Nguvu ya mguu wako inaishia kubonyeza mapovu. Ikiwa pedali ni ngumu ila gari halisimami, hapo ni pedi zilizopata moto kupita kiasi. Zote mbili dawa yake ni kusimama mapema.

Kwa hiyo kabla ya safari mwambie fundi abadilishe mafuta ya breki kama yamepita miaka 2, na akiwa anabadilisha, simama hapo uone. Mteremko uanze na gia nzito kabla hujashika kasi, ya pili au ya kwanza kwa gari la manyuo, L au 2 kwa la otomatiki. Breki ikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia ipoe. Usiweke frii ati unaokoa mafuta. Ukisikia harufu, usitafute mashamba.

Mengine unayajua. Tembea mchana. Ukungu ukishuka, washa taa za chini, kwani zile kubwa zitakurudia usoni. Njia ikibana, anayepanda apishwe. Anayesikia kichefuchefu akae mbele na simu aiweke mfukoni. Kichwa kikiuma sana huko juu, shukeni, msilale hapo. Mbuzi akivuka, ngoja wa nyuma yake. Mkisimama kupiga picha, gari litoke barabarani kabisa, tena mbali na kona, na tairi liwekewe jiwe. Mkiondoka, jiwe lisogezwe pembeni. Usiliache katikati ya njia likamsubiri mwenye pikipiki usiku.