Somo: Kufuatilia msimu wa langalanga kwa kauntabuku na penseli

Kila mwaka kuna watu wanaanza kuangalia Formula 1, na baada ya mbio tatu wanaacha. "Magari yanazunguka tu," wanasema. Siwalaumu. Mbio moja ukiiangalia peke yake, aghlabu ni kweli yanazunguka tu. Utamu uko kwenye hesabu ya msimu mzima, na hesabu hiyo haikai kichwani. Nitatumia msimu wa 2025 kama mfano: mbio 24, na mwisho wake Lando Norris pointi 423, Max Verstappen 421, Oscar Piastri 410. Miezi tisa ya kuzunguka dunia, tofauti pointi mbili.

Hatua ya 1: Daftari

Chukua kauntabuku, usitumie karatasi za kupeperuka. Kila mbio ipe ukurasa wake, na ukurasa wa nyuma kabisa uwe wa jumla. Pointi za Jumapili kuanzia wa kwanza hadi wa kumi ni 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1. Baadhi ya wikendi kuna mbio fupi pia, ambazo 2025 zilikuwa sita. Hizo zinalipa wanane wa mwanzo, kuanzia 8 kushuka hadi 1. Ukiangalia video za zamani utasikia habari za pointi ya ziada kwa mzunguko wa kasi kuliko yote. Iliondolewa kuanzia 2025, usiiandike.

Na iwe penseli. Sababu utaiona mbele.

Hatua ya 2: Saa

Mbio nyingi za Ulaya kwetu Afrika Mashariki zinaanza saa kumi jioni, muda uleule ambao kibanda umiza kimejaa watu wa mpira na rimoti haishikiki. Suzuka, Japani, ni saa mbili asubuhi, Melbourne saa moja asubuhi, Brazil saa mbili usiku. Miami ni saa tano usiku, ukiwa na kazi Jumatatu jipime mwenyewe.

Hatua ya 3: Usiruke Jumamosi

Mchujo ndio unaopanga nani aanzie wapi. Kwa magari 20 ya 2025 ulikuwa hivi: dakika 18 wanatoka watano, dakika 15 wanatoka watano wengine, halafu kumi waliobaki wanagombea kwa dakika 12. (Kuanzia 2026 timu ni 11 na magari 22, kwa hiyo katika kila moja ya awamu mbili za mwanzo wanatoka sita.) Monaco, ambako barabara ni nyembamba na kupitana ni taabu, ukikosa Jumamosi umekosa karibu kila kitu.

Hatua ya 4: Angalia namba, gari litajionyesha lenyewe

Kamera inapenda kinara. Wewe tazama orodha ya majina pembeni ya skrini, hasa sekunde kati ya dereva na anayemfuata. Gari likiingia kubadili tairi linasimama sekunde mbili au tatu tu, lakini kuingia na kutoka kwa mwendo wa pole kunakula sekunde ishirini hivi katika viwanja vingi. Basi ukiona aliye mbele ana pengo la sekunde 25, anaweza kubadili na akarudi bado yuko mbele. Akiwa na 15, patamu hapo.

Rangi za tairi: nyekundu laini, njano ya kati, nyeupe ngumu. Mbio zikiwa kavu, dereva lazima atumie angalau aina mbili. Laini inakimbia lakini inachoka mapema. Anayetangulia kuvaa mpya anaweza kumpita mwenzake bila hata kuonana naye barabarani, maana huyo mwingine bado anaburuza tairi lililochakaa.

Hatua ya 5: Andika "kama"

Hapa ndipo daftari linapolipa. Chini ya kila ukurasa acha mistari mitatu ya vituko: adhabu, amri za timu, magari yaliyokufa. Nifungue langu.

Barcelona: gari la usalama, lile linalowaongoza wote kwa mwendo wa pole kukiwa na hatari barabarani, linatoka mwishoni, Verstappen amebakiwa na tairi ngumu, wenzake wako kwenye laini. Anaambiwa na timu amrudishie nafasi George Russell, dereva wa Mercedes, anapunguza mwendo, kisha wanagongana. Adhabu sekunde kumi. Kutoka wa tano akawa wa kumi, yaani pointi 10 zikawa 1. Nikaandika: "kama -9". Siku ile ilionekana hasira ya mchana mmoja tu. Rudi juu uangalie tofauti ya mwisho.

Monza, Italia: Norris anacheleweshwa kwenye tairi, Piastri anampita hapo, McLaren, timu yao wote wawili, wanamwambia Piastri arudishe nafasi ya pili. Anarudisha. Norris akapata 18 badala ya 15. Toa hizo tatu kwenye 423: 420. Verstappen 421.

Las Vegas: kwetu ilikuwa Jumapili saa moja asubuhi. Nikaandika matokeo, Norris wa pili, Piastri wa nne, nikafunga daftari nikaenda zangu. Niliporudi McLaren zote mbili zimefutwa, kwa sababu ubao wa chini ya gari, ambao hautakiwi kupungua milimita 9, ulikuwa umelika zaidi. Pointi 30 zimeyeyuka na walio nyuma wote wamepanda. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwenye kalamu ya wino angefanyaje?

Ndiyo maana Abu Dhabi, mbio ya mwisho, nilikuwa naangalia nafasi ya tatu. Verstappen akishinda, Norris wa tatu ni bingwa, Norris wa nne si bingwa. Kibanda kizima kikishangilia kinara, mimi nahesabu sekunde kati ya Norris na Charles Leclerc wa Ferrari aliyekuwa nyuma yake. Kinara hakuwa na habari yoyote mpya.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, hii na Safari Rally ya Naivasha si kitu kimoja?*
Hapana. Ralli kila gari linaondoka kwa zamu yake, msomaji ramani pembeni, linapigana na saa na vumbi. Safari ilianza 1953 na imerudi kwenye ubingwa wa dunia 2021. Daftari lake ni jingine, huko unajumlisha muda.

*Niko Muscat, saa zako nizitumieje?*
Ongeza saa moja, ndugu yangu. Abu Dhabi ni saa sawasawa na yako, sisi ndio tunaohesabu.

*Piastri alikubali vipi kule Monza? Mimi ningegoma.*
Alinung'unika redioni kwamba kuchelewa kwenye tairi ni sehemu ya mbio, kisha akatii. Timu ina ubingwa wake, unaopatikana kwa kujumlisha pointi za madereva wawili, na McLaren waliuchukua Singapore mbio sita zikiwa zimebaki. Mwajiri akishika vitabu viwili, dereva anakuwa na kimoja tu.

*Afrika hatuna hata moja?*
Ya mwisho ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, 1993. Rwanda ilitangaza Desemba 2024 kwamba inaomba kuandaa. Nimeacha ukurasa mtupu, nausubiri.

*Bando langu dogo, nitaweza?*
Utaweza. Tovuti rasmi inatoa matokeo kwa maandishi, na muhtasari wa dakika chache unawekwa YouTube baada ya mbio. Lakini jaza daftari kabla ya kuangalia muhtasari, na subiri saa chache kwanza. Wakaguzi bado wana rula mkononi.