Mstari wa kamera ya geti: uchore wapi, uelekee upande gani

Simu ikilia usiku kucha kwa ajili ya popo na matawi ya mwembe, mwenye nyumba huzima arifa. Siku mwizi akiruka ukuta, hakuna anayejua. Ndiyo maana kwenye nyumba za kuishi siwashi arifa za mwendo wa kawaida. Arifa hizo ("Motion Detection") hutokana na kulinganisha picha na picha, na hata kivuli cha wingu huhesabika. Ninachora mstari juu ya picha ya kamera, na simu hulia pale tu unapovukwa.

1. Anza na saa. DVR (mashine inayorekodi picha za kamera) nyingi huja na saa za China, zilizo mbele ya zetu kwa saa 5. Weka GMT+3, la sivyo ratiba ya ulinzi wa usiku itaanza kazi watu wakiwa bado wanaingia na kutoka mchana.

2. Funga kamera mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, iangalie njia kwa mshazari. Anayekatiza mbele ya kamera hunaswa vizuri kuliko anayeijia uso kwa uso.

3. Kwenye kamera za Hikvision tafuta "Line Crossing Detection"; kwenye Dahua ni "Tripwire", ndani ya menyu ya IVS, yaani uchambuzi wa video.

4. Sasa chora, na hapa usiharakishe. Wengi huuweka mstari juu ya ukuta au kwenye geti lenyewe. Kamera lazima imwone mtu kabla hajavuka na baada ya kuvuka. Akiwa bado nyuma ya ukuta, kwa kamera hayupo. Uweke ardhini, hatua mbili tatu ndani ya geti, pale miguu inapokanyaga. Usiusogeze pembeni kabisa mwa picha. Uende ukuta hadi ukuta, kusibaki upenyo wa kuuzunguka, na penye kona ongeza mstari wa pili.

5. Chagua upande. Mstari una upande A na upande B; A ikiwa upande wa geti na B upande wa nyumba, A kwenda B maana yake anayeingia tu ndiye anayeliza simu, kwa hiyo baba akitoka alfajiri kwenda msikitini haamshi nyumba nzima. Kwenye ukuta wa nyuma, ambako hakuna mwenye sababu ya kupita, weka pande zote mbili.

6. Kamera ikiwa na uwezo wa kutambua binadamu na gari, chagua hivyo viwili tu. Isiyo na uwezo huo, weka kipimo cha chini cha ukubwa: msimamishe mtoto kwenye mstari, chora kisanduku kidogo kuliko yeye lakini kikubwa kuliko paka.

7. Unyeti ("Sensitivity") uache katikati, kisha jaribu usiku. Tembea kawaida, pita umeinama, pita ukiambaa na ukuta, umevaa nguo nyeusi. Simu isipolia, sogeza mstari kwanza. Unyeti uguse mwisho.

Taa za nje huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando mbele ya lenzi huharibu kazi yote hiyo. Futa lenzi kwa kitambaa laini kila mwezi, na taa ya nje ifungwe mbali na kamera.