Kutia glezi na kuchoma vyombo vya udongo mwekundu: koni 06 si koni 6

Wiki iliyopita binti mmoja wa mtaani kwetu alikuja na bakuli zake sita za udongo mwekundu, akaomba nimwonyeshe namna ya kuzitia glezi ziwe na ule mng'ao wa kauri. Tulipofika kwenye tanuri la umeme nikamwambia aweke "koni 06", namba ya kiwango cha joto, akaniuliza, "Mama, hii sifuri ya mbele ina kazi gani? Si naweza kuiacha?" Nikamzuia mkono. Laiti ningeuliza hivyo miaka yangu ya mwanzo, nisingepoteza tanuri zima la vyombo. Basi naandika kwa ajili yake na kwa mwingine yeyote anayeanza.

Hatua ya 1: Choma kwanza bila glezi

Chombo kikauke kabisa. Kiguse shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji. Choma hadi koni 04 (koni nitaieleza kwenye hatua ya 3), karibu nyuzi 1060 za Selsiasi. Mpaka ufike 600 usipandishe zaidi ya nyuzi 100 kwa saa, maana maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka kati ya nyuzi 350 na 600, na kwenye 573 chembe za silika, madini ya mchanga mweupe, hutanuka ghafla. Ukiharakisha hapo, unapasua.

Hatua ya 2: Tia glezi

Glezi ni kioo kinachoyeyukia juu ya udongo. Silika peke yake haiyeyuki mpaka kupita nyuzi 1700, kwa hiyo huchanganywa na madini ya kuiyeyusha mapema, na kaolini kidogo, yaani udongo mweupe kama ule wa Pugu, karibu na Dar es Salaam, ili isitiririke. Mimi hununua unga ulio tayari, wa koni 06, usio na risasi. Hapo sina mjadala: glezi yenye risasi huachia sumu ikikutana na ndimu, ukwaju au achari.

Koroga, chuja, kisha pima kwa mizani. Mililita 100 za glezi yangu zina uzito wa gramu 145. Wengi hukadiria kwa jicho, "iwe kama uji mwepesi", lakini uji wa kila nyumba una wepesi wake. Futa vumbi kwa sponji yenye unyevu, paka nta kwenye kitako, chovya chombo, hesabu mpaka tatu, toa. Brashi siipendi kwa bakuli, huacha michirizi. Tone lolote lililobaki kitakoni lifute, la sivyo chombo kitagandana na rafu.

Mtungi wa maji usiutie glezi. Mitungi hupoza kwa sababu maji hupenya taratibu na kukauka juu ya ngozi yake. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, huchoma vyungu vyao kwa kuni na nyasi mahali pa wazi, bila glezi yoyote, na vinatumika vizuri kabisa.

Hatua ya 3: Koni

Hapa usiruke hata sentensi moja.

Koni ni kipande kidogo chembamba, kilichotengenezwa kwa madini yanayofanana na ya glezi, ambacho huinama kikishapata joto la kutosha. Namba zake zinachanganya. Zenye sifuri mbele huhesabiwa kinyumenyume: 06 ina joto dogo kuliko 05, na 05 dogo kuliko 04. Ukishapita 01 unaingia 1, 2, 3, na sasa joto linapanda pamoja na namba. Kwa hiyo koni 06 ni karibu nyuzi 1000, na koni 6 ni karibu nyuzi 1220. Mimi niliiacha sifuri. Asubuhi nilikuta udongo mwekundu umevimba, umelala, umeshikana na rafu. Nilishinda siku nzima nikibandua kwa tindo, na rafu mbili hazikufaa tena. Andika namba kwenye karatasi, sifuri ikiwemo, uibandike tanurini kabla hujawasha.

Jambo la pili: koni haipimi nyuzi peke yake, inapima joto pamoja na muda. Koni 6 huinama kwenye 1185 hivi ukipandisha polepole, nyuzi 15 kwa saa. Kwa nyuzi 60 kwa saa ni 1222, na kwa 150 ni 1243. Glezi nayo huiva hivyohivyo. Kwa hiyo kioo cha tanuri kinachoonyesha nyuzi kikikuambia 1000 hakijakuambia kama glezi imeiva. Na waya wa kupimia joto huchakaa, ukaanza kusoma vibaya bila dalili yoyote. Umeme ukikatika katikati ya kazi na kurudi baada ya saa moja, hesabu zote za muda zimevurugika, ila koni bado itasema kweli.

Simamisha koni tatu kwenye kipande cha udongo: 07, 06, 05. Kipande hicho kikauke kwanza, kikiwa kibichi kitalipuka. Kiweke mbele ya tundu la kuchungulia, uhakikishe kwa tochi kwamba unaziona zote, kwa sababu joto likipanda kila kitu ndani kina rangi moja ya chungwa. Vaa miwani ya fundi wa kuchomelea. 07 ikilala, usiondoke hapo. Ncha ya 06 ikigusa chini, zima. 05 iwe bado imesimama.

Hatua ya 4: Panga na uwashe

Acha nafasi ya kidole kati ya vyombo, vikigusana vinaungana. Hakikisha LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti za kutosha.

Hatua ya 5: Subiri

Usifungue mpaka ishuke chini ya nyuzi 100. Ukisikia "ting, ting" baada ya kutoa, glezi inapasuka nyufa nyembamba: imesinyaa kuliko udongo wake. Bakuli hiyo iwe ya mapambo.

Zile zilizobaki salama, weka kipande cha ndimu ndani usiku kucha. Rangi ikibadilika hapo, usilie chakula humo.