Somo: Kwenda peke yako kuteleza kwenye theluji, kutoka Unguja hadi mlima Erciyes

Assalaam alaykum wanachama. Wengi mmeniuliza faraghani, hasa kina dada, kama mtu wa pwani asiyewahi kuiona theluji anaweza kwenda mlimani peke yake akajifunza kuteleza na skii, zile mbao mbili ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni. Anaweza, na raha yake ni kubwa. Naeleza kwa mlima niujuao, Erciyes, karibu na mji wa Kayseri, Uturuki. Turkish Airlines inaruka kutoka Unguja hadi Istanbul, kutoka hapo hadi Kayseri ni saa moja na ushei hewani, na uwanja wa ndege hauko mbali na mlima, kama nusu saa kwa gari. Chakula ni halali na adhana unaisikia. Kwa msafiri wa peke yake hayo si madogo.

Kabla ya hatua zenyewe, shikeni hili: pesa ya mwalimu msiibane. Punguza hoteli, punguza manunuzi, lakini mwalimu mlipe. Aliyekwenda na wenzake, akianguka wapo wa kumuona. Wewe mwenzako ni mwalimu.

Hatua ya 1: Tarehe

Msimu ni Disemba hadi mwanzoni mwa Aprili, wakati sisi huku tuko kwenye joto la kaskazi. Tazama kalenda mbili. Ya kwanza ni ya Hijria: miaka hii Ramadhani inaangukia katikati ya msimu. Ya 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Ya pili ni ya skuli za Uturuki. Hufunga wiki mbili, mwishoni mwa Januari na kuingia Februari, na hapo familia nzima nzima hupanda mlimani, bei juu, foleni ndefu. Mimi napenda wiki ya Mapinduzi. Tarehe 12 Januari ni sikukuu kwetu, na kule mlima una nafasi.

Hatua ya 2: Viza na bima

Pasi yetu ya kawaida inahitaji viza. Anzia ubalozi wa Uturuki, Dar es Salaam, na uanze mapema. Bima soma kila mstari: iseme wazi kwamba inalipia michezo ya theluji na gharama za kuokolewa mlimani. Bima nyingi za safari haziingizi hayo mpaka uombe na uongeze pesa.

Hatua ya 3: Nguo

Usinunue vipya. Majaketi ya theluji yamo kwenye mitumba, na kwa kuwa pwani hayana mteja, bei yake huwa ya kusikitikia muuzaji. Ukikosa Unguja, pita Karume kule Dar. Kagua zipu zote, na mimina maji kidogo begani uone kama yanateremka au yananyweka.

Vaa kwa tabaka. Ya ndani ibane mwili, iwe ya sufu (manyoya ya kondoo) au ya nyuzi za kutengenezwa. Pamba hapana kabisa, kwa sababu hunyonya jasho, na jasho likishapoa ndilo linalokutetemesha. Juu yake sweta jepesi la joto, kisha jaketi na suruali visivyopitisha maji. Glavu nzuri nunua kule kule.

Usisahau mafuta ya kuzuia jua na miwani. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayounguza, na mlimani mionzi yenyewe huwa mikali zaidi. Weusi wetu hautukingi vya kutosha na hilo, na macho hauyakingi.

Hatua ya 4: Viatu na skii

Vyote vya kukodi. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa siku yao, basi nitakaa kidogo.

Vaa soksi moja tu, nyembamba na ndefu. Soksi mbili hubana damu na mguu ukazidi kuganda. Ingiza mguu, simama wima: vidole viguse mbele. Funga vifungo, kunja magoti, egemea mbele: sasa vidole viachie kidogo na kisigino kikae pale pale. Kikinyanyuka, rudisha, omba namba ndogo. Miguu yetu imezoea makubadhi na ndara, kwa hivyo kule kubanwa utakuona adhabu na utatamani kikubwa. Usikubali. Kiatu kikilegea, skii haikusikilizi.

Mkodishaji atakuuliza uzito, urefu, umri na kama umewahi kuteleza. Sema kweli, hata uzito. Kwa majibu hayo anarekebisha kile kibano kinachoshika kiatu, ili ukianguka kiachie. Kikikazwa kupita kiasi hakitaachia, na goti ndilo litakalopindika. Helmeti kodi hapo hapo.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Siku uliyofika usiteleze. Kituo kikuu cha kuteleza kiko kama mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na sisi tunatoka sifuri. Kichwa kinaweza kuuma. Kunywa maji mengi, lala.

Kesho yake mwalimu ataanza na wewe pahala tambarare, mguu mmoja ndani ya skii, mwengine nje. Kisha utapanda kwa ubavu, kisha utajifunza kabari: ncha za mbele zinakaribiana, visigino vinatanuka, unasukuma nje mpaka unasimama. Usipande lifti ya viti, ile inayoning'inia kwenye waya na kukupandisha mlimani, mpaka kabari yako ikusimamishe kila unapotaka. Kukata kona huja wenyewe: ukitaka kwenda kushoto, uzito mpe mguu wa kulia.

Ukihisi unaanguka, lala ubavu. Usitangulize mikono nyuma. Kuinuka, ziweke skii zikingame na mteremko, ama sivyo zitaondoka na wewe.

Hatua ya 6: Njia

Njia zina rangi. Anza na kijani au buluu, nyekundu ni ya waliokwisha kuweza, nyeusi achana nayo. Aliye chini yako ndiye mwenye haki, wewe wa juu ndiye wa kumkwepa. Ukipumzika, kaa pembeni. Nje ya njia zilizotengenezwa usiende hata ukiona alama za waliopita, maana theluji huporomoka na peke yako hakuna wa kukufukua. Nambari ya dharura Uturuki ni 112.

Maswali ya wanachama

*Shoga wa Mlandege:* Dada, hijabu na helmeti vinakwenda pamoja?

Vinakwenda vizuri sana. Vaa ya kuvuta kichwani, nyembamba, isiyo na pini. Ncha zote ziingize ndani ya jaketi, kitambaa kinachopepea kinaweza kunaswa na lifti.

*Kijana wa Wete:* Mshahara wangu wa kawaida. Nianze kukata wapi?

Lala Kayseri mjini, panda mlimani asubuhi kwa basi. Pasi ya lifti ya siku nzima usinunue siku ya kwanza, utashinda kwenye kijimteremko cha wanafunzi. Mwalimu ndugu yangu usimkate.

*Mzee wa Mkunazini:* Na udhu kwenye baridi ile?

Mzee wangu, wengi hutumia khofu, yaani soksi za ngozi ambazo kwenye udhu unapangusa juu yake badala ya kuosha miguu. Zikivaliwa kwa tohara, msafiri anapangusa siku tatu na usiku wake. Masharti yake kwa madhehebu yetu ya Shafi muulize sheikh wako kabla hujaondoka.

*Mama wa Chake:* Mwanangu wa kike anataka kwenda. Nina khofu na hoteli.

Bi mkubwa, khofu yako ina msingi. Januari 2025 moto kwenye hoteli ya kituo cha Kartalkaya, Uturuki hiyo hiyo, uliua watu 78. Aombe chumba cha ghorofa ya chini, na kabla ya kufungua begi azitembee ngazi za dharura mpaka atoke nje. Mapokezi awaambie anapanda wapi na anarudi saa ngapi, na wewe akutumie ujumbe akisharudi.

*Fundi wa Kiembesamaki:* Afrika hakuna?

Ipo Afriski, Lesotho, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000. Msimu wake Juni hadi Agosti, wakati wetu wa kusi. Njia ni fupi lakini za kujifunzia zinatosha. Unashuka Johannesburg, kisha kama saa tano za barabara, na kipande cha mwisho ni kona kali zenye barafu. Kodi gari na dereva wa huko.